Nasaba ya Wamazrui na Mzozo wa Takaungu

Mtu wa pwani ya Afrika ya Mashariki aulizwapo yeye ni nani, aghalabu hajibu kwa jina lake peke yake. Hutaja na la babaye, na la babuye, na akiwa ni mtu wa ukoo mkubwa huendelea mpaka afike kwa yule wa kwanza aliyeshuka jahazini. Mfuatano huo wa majina, yaliyoungwa kwa neno "bin", ndio uitwao nasaba. Wazee huuhifadhi vichwani mwao, wenye elimu huuandika, nao hutolewa mbele za watu inapokuja habari ya ndoa, ya mirathi au ya kesi ya shamba. Mgeni ausomaye bila ya kuijua desturi ya wenyewe huweza kudhani kwamba nasaba ni ngazi, na kwamba cheo nacho hushuka kwa ngazi hiyo hiyo, kutoka kwa baba hata kwa mwana. Katika habari ya Wamazrui wa Mombasa na Takaungu, dhana hiyo ilikuwa miongoni mwa sababu za vita.

Wamazrui ni ukoo wa Kiarabu uliotoka Oman. Walipata nguvu Mombasa chini ya Maimamu wa Yaarubi, ambao majeshi yao yaliizingira Ngome ya Yesu tangu Machi 1696 na kuitwaa kutoka kwa Wareno mwezi wa Desemba 1698. Wareno walirudi mwaka 1728, lakini hawakudumu; mwaka uliofuata watu wa Mombasa waliwaondokea wakawafukuza. Katika miaka iliyofuata Mohammed bin Uthman Mazrui aliwekwa na Imamu wa Oman kuwa liwali wa mji.

Liwali ni mtu aliyewekwa, naye aliyemweka huweza kumwondoa. Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa mpaka dola ya Yaarubi ilipoanguka, na Ahmed bin Said wa ukoo wa Busaidi akashika uimamu katika miaka ya 1740. Mohammed bin Uthman alikataa kumtii. Wapokezi wa historia husimulia kwamba hoja yake ilikuwa fupi: Imamu ameitwaa Oman kwa nguvu zake, na yeye ameitwaa Mombasa kwa nguvu zake. Ahmed bin Said akatuma watu, nao wakapata kuingia ngomeni kwa hila, wakamwua. Walakini nduguye, Ali bin Uthman, alitoroka kifungoni, akakusanya wafuasi, akaikomboa ngome na kukaa mahali pa nduguye. Tangu hapo hata mwaka 1837, muda wa karibu miaka tisini, Wamazrui waliitawala Mombasa bila ya kuwa watumishi wa Oman ila kwa nyakati chache.

Yafaa msomaji aufuate kwa makini mfuatano wa watawala hao, kwa kuwa ndani yake mna desturi ambayo haikuandikwa katika sheria yo yote. Mohammed bin Uthman alifuatwa na nduguye, si na mwanawe. Ali naye alipouawa katika safari ya kuishambulia Unguja, cheo hakikwenda kwa mwanawe wala kwa wana wa Mohammed, bali kilikwenda kwa Masud bin Nasir, mtu wa tawi jingine kabisa la ukoo. Baada ya Masud kikarudi kwa wazao wa Uthman: akatawala Abdallah bin Mohammed, kisha nduguye Ahmed bin Mohammed, ambaye alidumu mpaka mwaka 1814. Hapo, kwa mara ya kwanza, mwana alikaa mahali pa babaye, naye ni Abdallah bin Ahmed. Abdallah alipofariki mwaka 1823 hakutawazwa mwanawe wala nduguye; alitawazwa mzee Suleiman bin Ali, mwana wa yule Ali bin Uthman aliyeuawa Unguja miaka ipatayo sabini kabla yake. Na baada ya Suleiman alikuja Salim bin Ahmed, nduguye Abdallah.

Basi tangu Mohammed bin Uthman hata Salim bin Ahmed, cheo kilihama mara saba, na katika mara hizo saba ni mara moja tu kilipotoka kwa baba kikaingia kwa mwana. Jambo hili halikutokea kwa bahati. Mji wa Mombasa ulikuwa na wenyewe kabla ya Wamazrui, nao ni Thenashara Taifa, yaani Tisa Taifa na Tatu Taifa, kila upande na wakuu wake. Na nyuma ya mji, barani, walikaa Wamijikenda, ambao urafiki wao ulikuwa ni ukuta wa pili wa Mombasa. Liwali asiyeweza kukaa na makundi hayo, akayasikiliza na kuyapatanisha, hakuwa na mji wa kutawala, hata kama ngome ilikuwa mkononi mwake. Kwa hiyo ukoo ulimtafuta mtu mzima miongoni mwao ambaye wakubwa wenziwe na wakuu wa mji wangemkubali. Isitoshe, Wamazrui walitoka katika watu wa madhehebu ya Ibadhi, ambao kwa asili ya mafundisho yao kiongozi huchaguliwa kwa kufaa kwake, wala hatawali kwa kuwa babaye alitawala. Nasaba ilieleza ni nani awezaye kuingia barazani kuchaguliwa. Haikueleza ni nani atakayetoka humo na cheo.

Desturi hiyo ilikuwa na udhaifu wake, nao ni kwamba ilihitaji maafikiano. Maafikiano yalipokosekana hapakuwa na kanuni ya kukata shauri. Yalikosekana mwaka 1835, Salim bin Ahmed alipofariki. Rashid bin Salim, mwana wa marehemu, alishindania cheo na ami zake, na ukoo ukagawanyika. Seyyid Said bin Sultan, ambaye alikuwa amekwisha jaribu kuitwaa Mombasa kwa silaha zaidi ya mara moja, sasa alipata mlango usiohitaji mizinga. Baadhi ya wakuu wa mji, waliochoshwa na fitina, walielekea upande wake. Mwaka 1837 ngome ikawa mikononi mwake, na wakubwa wa ukoo wapatao ishirini na watano, Rashid bin Salim akiwa mmoja wao, walikamatwa kwa hila wakasafirishwa mpaka Bandar Abbas katika Ghuba ya Uajemi. Hawakurudi tena.

Waliosalia waliukimbia mji. Wengine walikwenda kusini, wakakaa Gazi; wengine walikwenda kaskazini, wakakaa Takaungu, baina ya Mombasa na Malindi. Tangu hapo nasaba moja ikawa na majumba mawili, na majumba hayo mara nyingi hayakupatana.

Mtu mkubwa wa Gazi katika nusu ya pili ya karne ya kumi na tisa alikuwa Mbaruk bin Rashid. Alikuwa mwana wa Rashid bin Salim, yule liwali wa mwisho aliyepelekwa Bandar Abbas. Nasaba yake ilisomwa hivi: Mbaruk bin Rashid bin Salim bin Ahmed bin Mohammed bin Uthman. Kati ya wazee watano waliotajwa humo, wanne walikuwa watawala wa Mombasa. Nasaba hiyo ni ya kweli, wala hapana aliyeitilia shaka. Lakini msomaji atazame ni nani wasiomo. Ali bin Uthman, aliyeikomboa ngome, hayumo. Masud bin Nasir hayumo. Wawili walioitwa Abdallah hawamo, wala Suleiman bin Ali. Watawala watano wa Mombasa wameachwa nje ya mstari huo, kwa kuwa nasaba ya mtu haina kazi ila kumwonyesha aliyemzaa. Mwenye kuitaka historia ya cheo katika mstari huo ataona watawala wanne wakifuatana baba kwa mwana kama wafalme wa Ulaya, na atakuwa amekosea.

Kuna mtego mwingine pia. Katika ukoo huu, kama katika koo nyingi za pwani, majina ya mababu hurudishwa kwa wajukuu, hata watu wa matawi mbalimbali wakawa na jina moja na la baba moja. Rashid bin Salim wa Mombasa, aliyekamatwa mwaka 1837, siye Rashid bin Salim wa Takaungu, aliyekuwa kijana mwaka 1895. Mbaruk bin Rashid wa Gazi siye Mubarak bin Rashid wa Takaungu, ingawa majina haya mawili kwa asili ni jina moja, na ingawa watu hao waliishi wakati mmoja na wakapigana vita vimoja. Pasipo nasaba kamili hapana awezaye kuwatenga.

Wakati huo dola za Ulaya zilikuwa zimekwisha fika. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilipatana juu ya mipaka, zikamwachia Sultani wa Unguja ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi. Mwaka 1887 Seyyid Barghash alikubali sehemu ya kaskazini ya ukanda huo isimamiwe na chama cha wafanya biashara wa Kiingereza, na mwaka 1888 chama hicho kilipata hati ya malkia wao kikawa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki. Kampuni haikuwa na askari wengi wala fedha nyingi. Ilitawala kwa kuwategemea watu wakubwa waliokuwapo, ikiwalipa mishahara na kuwathibitisha katika vyeo vyao. Takaungu ilikuwa chini ya Salim bin Khamis Mazrui, na Gazi ilikuwa chini ya Mbaruk, ambaye alikuwa amepigana na Masultani wa Unguja mara nyingi bila ya kuvunjika kabisa.

Mapema katika mwaka 1895 Salim bin Khamis alifariki. Watu wawili walitaka kushika nafasi yake. Mmoja alikuwa mwanawe, Rashid bin Salim, kijana aliyejulikana kuwa rafiki wa Kampuni. Wa pili alikuwa Mubarak bin Rashid, mwana wa nduguye marehemu, mtu mzima kuliko yule, mwenye wafuasi na watumwa wengi wenye silaha. Kwa desturi ya ukoo, kama mfuatano wa watawala wa Mombasa unavyoshuhudia, Mubarak alikuwa na haki iliyo wazi: mkubwa kwa umri, wa damu ile ile, mwenye kusikilizwa na watu. Kampuni ilimtambua Rashid.

Si haki kusema kwamba maofisa walifanya hivyo kwa ujinga mtupu. Walimtaka kijana ambaye angewasikiliza, na hapana shaka kwamba hilo lilikuwa na uzito mkubwa. Lakini uchaguzi huo ulikuwa mwepesi kwao kwa sababu ulipatana na mambo waliyoyazoea. Walitoka katika nchi ambayo taji, jina la heshima na shamba la bwana mkubwa hushuka kwa mwana. Kwao, "Rashid mwana wa Salim" ilikuwa ni hoja iliyokamilika. Kwa wazee wa Takaungu ilikuwa ni jina tu.

Mubarak na nduguye Aziz waliondoka Takaungu na watu wao. Mwezi wa Juni 1895 Arthur Hardinge, balozi mkuu wa Uingereza aliyekaa Unguja, alikwenda na askari kuwalazimisha watii, na vita vikaanza. Tarehe 1 Julai, vita vikiwa vimekwisha pamba moto, ilitangazwa Mombasa kwamba Kampuni imeondoka na serikali ya Uingereza imeshika nchi. Basi utawala wa kikoloni wa pwani ya Kenya ulizaliwa katikati ya ugomvi wa nasaba. Mubarak alikimbilia kwa Mbaruk wa Gazi. Mzee huyo alitakiwa awatoe wageni wake. Akasitasita, kisha akaingia vitani upande wao. Mambo ambayo wazee hawakuweza kuyafanya kwa miaka mingi, ya kuyaunganisha matawi mawili ya ukoo, yalifanywa na Kampuni kwa uamuzi mmoja.

Mwezi wa Agosti ngome ya Mbaruk huko Mweli ilitwaliwa, lakini vita havikwisha. Wamazrui na wafuasi wao waligawanyika makundi makundi, wakashambulia na kutoweka, hata serikali ikalazimika kuleta askari kutoka Bara Hindi, ambao walifika mwezi wa Machi 1896. Mwezi wa Aprili Mbaruk alivuka mpaka na watu wengi, akajisalimisha kwa gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann. Alikaa Dar es Salaam hata alipofariki mwaka 1910, mjukuu wa watawala wa Mombasa akiishi kwa idhini ya dola nyingine, mbali na makaburi ya wazee wake.

Baada ya vita nasaba ilipata kazi mpya. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 ilimtaka kila mwenye kudai shamba katika ukanda wa pwani alete madai yake na kuyathibitisha. Kuthibitisha maana yake ilikuwa ni kuonyesha kwamba fulani alikuwa na shamba hili, akafa, na fulani ni mrithi wake. Nasaba iliyokuwa ikisomwa barazani sasa ikasomwa mbele ya karani, ikaandikwa, ikapigwa mhuri. Katika utawala huo huo Mwarabu na Mswahili waliwekwa katika madaraja mbalimbali ya sheria na kodi, ijapokuwa walisali msikiti mmoja, wakasema lugha moja na kuoana. Jina la babu aliyetoka Oman likawa na bei. Jambo lililokuwa la heshima likageuka kuwa la haki za kiserikali, na watu waliokuwa na nasaba za namna nyingine wakajikuta chini.

Ndipo yanapodhihirika yale ambayo nasaba haisemi. Haimtaji mama. Wanaume wa ukoo huu waliishi Mombasa, Gazi na Takaungu kwa vizazi vingi, wakaoa katika Thenashara Taifa na katika watu wa bara, wakawa na masuria. Na kwa sheria ya Kiislamu mwana aliyezaliwa na suria, babaye akimkubali, ni huru naye ni wa nasaba ya babaye sawasawa na ndugu zake. Hivyo mstari wa "bin" hufika Oman moja kwa moja bila ya kugusa Afrika, hali damu na lugha ya wenye mstari huo zimetoka Afrika kwa sehemu kubwa. Tena haiwataji waliolima. Takaungu ilikuwa bandari ya nafaka, na nafaka hiyo ilitoka katika mashamba yaliyolimwa na watumwa. Hadhi ya utumwa iliondolewa katika sheria ya pwani hiyo mwaka 1907, lakini mtumwa aliyeachwa huru hakupewa nasaba ya kupeleka kwa karani wa ardhi. Mgogoro wa ardhi uliozaliwa huko umeishi kuliko wote walioupanda. Ardhi ya Wamazrui wa Takaungu iliwekwa katika amana kwa sheria maalumu wakati wa ukoloni, na mwaka 1989 Bunge la Kenya likaifuta sheria hiyo. Lakini swali la nani mwenye haki, aliyerithi kwa hati au aliyerithi kwa jembe, halikufutika pamoja nayo.

Mtu aliyeiandika historia ya ukoo huu kwa mkono wa mwenyeji alikuwa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1891, miaka minne kabla ya vita vya Takaungu. Babaye alikuwa mwanachuoni na kadhi. Sheikh Al-Amin mwenyewe alitoa magazeti ya Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akawaonya watu wake juu ya uvivu, ujinga na kujivunia mambo yaliyopita. Mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, akafariki mwaka 1947. Kitabu chake juu ya Wamazrui wa Mombasa alikiandika kwa Kiarabu, nacho kilichapwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1995. Humo watawala wanafuatana kwa mpango wa kutawala, si kwa mpango wa kuzaliwa. Ali yumo, Masud yumo, Suleiman yumo. Hiyo ndiyo tofauti baina ya tarehe na nasaba: nasaba humtumikia mtu mmoja, imwonyeshe atokako, tarehe huwatumikia wote, hata wale wasioacha mjukuu wa kuwataja.

Mwanafunzi wa historia ya pwani hana budi kuzitumia nasaba, kwa kuwa bila ya hizo mambo mengi ya karne ya kumi na nane na kumi na tisa hayatambulikani. Lakini kila aipokeapo nasaba yampasa aulize inasomwa mbele ya nani na kwa ajili ya nini, na ni akina nani waliosimama kando ya mstari wasitajwe. Wazee wa Takaungu walijua kuuliza hivyo mwaka 1895. Kampuni haikuwauliza wao.